Nihamie huduma za wingu?

SWALI: Natengeneza kompyuta na printa hapa Baraka, Fizi, nchini Kongo. Nataka kuhamia kazi za wingu (cloud). Nianze na cheti gani, na mtihani nitaufanyia wapi?

JIBU: Ndugu yangu, anza na AZ-900, cheti cha msingi cha wingu cha Microsoft. Masomo yake ni ya bure, mtihani upo kwa Kifaransa ulichosomea shuleni, na cheti hakiishi muda. Kile cha mwanzo cha AWS, wingu la Amazon, ni dola 100 na hudumu miaka 3.

Mtihani unafanyika hata nyumbani, na shida ya Fizi iko hapo. Utapiga picha pande zote 4 za chumba, meza iwe tupu, na msimamizi atakutazama kwa kamera hadi mwisho. Mtoto akiingia au intaneti ikikatika, unaweza kufutiwa mtihani. Basi omba chumba katika ofisi yenye sola na intaneti ya setilaiti. Majina ya kujisajili yafanane na ya kitambulisho. Sisi wenye majina matatu tuangalie sana hapo.

Ila duka lako la ufundi usilifunge. Cheti cha msingi peke yake hakiajiri mtu. Weka Linux kwenye kompyuta kuukuu, jifunze mitandao, ndipo ulipie mtihani.