Herufi Nene ni za Kuita: Somo kwa Watengenezaji wa Afishi Zetu



Ndugu zangu wanafunzi, Ramadhani iliyopita nilipewa kazi ya kutengeneza afishi ya michango ya futari. Niliandika kila kitu kwa herufi nene za mtindo mmoja: kichwa, mahali, saa, na namba ya simu ya kutumia pesa. Kwenye kompyuta ilipendeza. Ilipotolewa fotokopi, wino ulijaa ndani ya matundu ya tarakimu, na 6 ikafanana na 8. Ndugu wawili walituma michango yao kwa mtu tusiyemjua. Mmoja alirudishiwa. Wa pili hakurudishiwa, nami nikamlipa kidogo kidogo, kwa sababu mchango wa futari ni amana na aliyeipoteza ni mimi.

Tangu siku hiyo nimejisomea habari za herufi hizi. Nimeona ni vyema tujifunze pamoja.

Herufi hizi ni zipi?

Herufi za Kilatini tunazoandikia Kiswahili, Kirundi na Kifaransa zina makundi mawili makubwa: zenye serifu, yaani vijiguu vidogo kwenye ncha za mistari yake, na zisizokuwa navyo. Mwanzoni mwa karne ya 19, wachongaji wa herufi wa London walizichukua zile zenye vijiguu wakazinenepesha kupita kiasi, kwa ajili ya matangazo ya kubandikwa ukutani. Hazikukusudiwa msomaji aliyeketi na kitabu. Zilikusudiwa mpita njia.

Mfano unaojulikana sana ni Cooper Black, iliyochorwa na Oswald Cooper wa Chicago na kutolewa mwaka 1922. Kingo zake zimeviringika, vijiguu vyake ni vinene, na matundu yake ni madogo. Unene huo ndio unaoifanya ionekane kutoka mbali. Unene huohuo ndio kasoro yake: ukiipunguza, matundu yanaziba, na a, e, 6, 8 na 9 zinageuka madoa meusi.

Jambo hili si geni kwetu

Waislamu walilijua jambo hili zamani. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ukuta wa kibla una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Ncha za herufi zake zimechipua majani na maua. Ni mwandiko wa kuonwa, wenye heshima ya mahali pale. Lakini si mwepesi kusomwa, na Kikufi cha namna hii kwa kawaida hakiandikwi nukta. Mwenye kuswali pale hakupata tabu, kwani aya alikuwa nazo kifuani; jicho lilimkumbusha tu. Lakini nani amehifadhi tarehe ya ujenzi? Hiyo ilihitaji mtaalamu. Mwaka 1922, mwaka uleule wa Cooper Black, mtaalamu Flury ndiye aliyechapisha maelezo ya maandishi hayo.

Sasa tazama msahafu ulioandikwa na Ibn al-Bawwab mjini Baghdad mwaka 391 Hijria, ambao leo umehifadhiwa Dublin. Aya zimeandikwa kwa naskhi, mwandiko mwepesi na wazi. Majina ya sura yameandikwa kwa mwandiko mwingine, wa dhahabu. Mwandishi yule alikuwa na uwezo wa kupamba kila mstari. Hakufanya hivyo, kwa sababu kila mwandiko una kazi yake.

Hapa ndipo nilipokosea. Namba ya simu haimo kifuani mwa mtu yeyote. Anayeisoma hana cha kumsahihisha. Tukimwandikia kwa herufi ya mapambo, tunamtaka abahatishe, tena kwa pesa yake.

Tufanye nini?

Kwanza, herufi nene ziwe za kichwa tu, maneno matatu au manne: FUTARI YA PAMOJA, DARSA YA IJUMAA. Adhana huita kwa sauti kubwa na maneno machache. Hotuba hufuata kwa sauti yake.

Pili, tarehe, saa, mahali na namba ya simu ziandikwe kwa herufi za kawaida, zenye matundu wazi. Namba ya simu igawanywe tarakimu mbilimbili.

Tatu, usiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa nene. Kila neno likipiga kelele, hakuna linalosikika.

Nne, usiihukumu afishi kwenye kioo cha kompyuta. Itoe fotokopi, kisha ile fotokopi itoe fotokopi tena, maana ndivyo zinavyosambaa kwetu. Ibandike ukutani, mwite mtu ambaye hajaiona, asimame hatua kumi, akusomee namba kwa sauti. Akisita kwenye tarakimu moja, rudi ukaibadilishe.

Mwaka huu afishi ya futari nimeitengeneza tena mimi. Kichwa chake ni kinene, na namba ni ya kawaida kabisa, hata ndugu mmoja akaniambia haina mvuto. Nilimwomba anisomee namba akiwa mlangoni. Akaisoma yote bila kusita.

Wabillahi tawfiq.