Maji Ndani ya Feni ya Kukaushia Mahindi

SWALI: Tuna ghala Kimamba, Kilosa, na tawi Mikumi. Asubuhi nikifungua feni ya kukaushia mahindi nakuta maji chini, ingawa mvua haijanyesha. Yanaingilia wapi?

JIBU: Hayavuji kutoka nje, ni umande. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha maji ikigusa bati la nyuzi 26 hivi. Juni na Julai usiku hupoa sana huko kwenu, na bati hupoa kabla ya hewa iliyotoka kwenye mahindi mabichi.

Kwa hiyo msizime burna (kichomeo kinachopasha hewa) na feni kwa pamoja. Zimeni burna kwanza, feni iendelee kupuliza hewa kavu mpaka joto na mvuke vitoke. Kisha fungeni mlango wa bomba linaloelekea kwenye nafaka.

Toboeni tundu la kutolea maji sehemu ya chini kabisa ya kasha la feni. Likiwa upande wa kunyonya, tundu tupu litavuta hewa na maji hayatatoka. Hapo wekeni bomba lililopinda kama U, lijae maji ili lizuie hewa.

Mota ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ikipoa hunyonya hewa yenye unyevu kupitia sili za shafti. Zibueni vitundu vyake vya chini (mafundi wengi huvipaka rangi vikaziba!), na ikikaa muda mrefu bila kazi, pimeni waya kwa mega (kipima insulesheni) kabla ya kuwasha. Ikisoma chini ya megaomu 5, ikausheni mota kwanza.