SOMO LA ROBO HII: Flashi ya Usharika na Ufunguo wa Sefu



Katika toleo hili tunajifunza jambo linaloonekana dogo: nani aruhusiwe kufungua flashi kwenye kompyuta ya ofisi. Tunaliandika kwa sababu limetugharimu.

Taarifa nyingi za miradi hutufikia kwa flashi. Katibu wa usharika huvuka kwa meli kutoka Nansio, Ukerewe, akiwa na flashi mfukoni. Kompyuta zetu zinatumia Linux, mfumo usiodai ada ya leseni, ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991 kwa kufuata mtindo wa Unix ya mwaka 1969. Zamani, karani wetu akichomeka flashi, kompyuta ilimjibu kwamba mwenye ruhusa ni msimamizi mkuu tu, anayeitwa "root". Msimamizi akiwa safarini Sengerema, katibu alirudi kisiwani na taarifa yake.

Tukatafuta njia ya mkato: tukampa karani neno la siri la root. Baada ya miezi michache watu wanne walilijua. Siku moja tukakuta hesabu za visima zimefutwa. Nani alifuta? Haikujulikana, maana wote waliingia kwa jina moja. Tulikaa wiki mbili tukiziandika upya kutoka kwenye stakabadhi.

Kwa nini mfumo unakataza?

Unix ilitengenezwa kwa kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Ili faili za flashi zisomeke, ni lazima flashi ipachikwe kwenye folda mojawapo ya mfumo. Flashi ngeni inaweza kubeba programu yenye alama ya kumpa anayeiendesha madaraka ya root, au faili ya pekee inayofungua njia ya kuifikia diski nzima. Kwa hiyo katazo lina maana.

Njia iliyo salama

1. Kwenye kompyuta nyingi za Linux za siku hizi, huduma iitwayo udisks humpachikia flashi mtumiaji aliyeketi mbele ya kompyuta, bila kudai neno la siri la root. Anayeingia kwa mbali kupitia mtandao kwa kawaida hazuiliwi kusoma faili zake, lakini kupachika hudai idhini ya msimamizi.

2. Kwenye kompyuta za zamani, msimamizi hutengeneza folda, kisha huongeza mstari mmoja katika faili ya /etc/fstab:

/dev/sdb1 /media/flashi auto noauto,user 0 0

Neno "user" humruhusu mtumiaji wa kawaida kupachika, na ni yeye au root tu anayeweza kuiondoa. Papo hapo huzuia programu zilizomo zisiendeshwe, na kuziba zile hatari mbili. "Noauto" huuambia mfumo usiipachike wenyewe wakati wa kuwaka. Karani huandika tu: mount /media/flashi. Angalizo: vifaa vingine vikichomekwa, sdb1 inaweza kuwa sdc1.

3. Kabla ya kuchomoa, andika: umount /media/flashi. Maandishi mengine huwa bado yako kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hayajafika kwenye flashi. Aliyechomoa kwa haraka ili awahi meli anaweza kufika nyumbani na faili pungufu.

Tunajifunza nini?

Mhazini hampi mhudumu ufunguo wa sefu ili akanunue chaki. Humpa fedha ya chaki, naye husaini. Tulipomnyima karani kila kitu, kazi ilikwama. Tulipompa kila kitu, hesabu zilipotea. Kinachofaa ni kumpa mtu ruhusa inayotosha kazi yake, kwa jina lake mwenyewe.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Ni watu wangapi wanajua neno la siri la msimamizi katika ofisi yenu?
- Faili ikifutwa leo, mtaweza kujua ni nani aliyefuta?
- Nakala ya hesabu zenu imehifadhiwa wapi pengine?