HESABU YA WATU: JINSI IFANYWAVYO, NA FAIDA YAKE KATIKA KAMBI MURU

Mgeni akisimama katika Kambi Muru, mojawapo ya vijiji vya Kibera katika mji wa Nairobi, akauliza, "Kibera ina watu wangapi?" atapata majibu mengi. Mmoja atasema laki saba, mwingine milioni moja, na wa tatu, akiwa mtu wa kupenda sifa, atasema milioni mbili. Majibu hayo hayakutungwa na wenyeji peke yao. Kwa miaka mingi yaliandikwa magazetini na katika ripoti za watu wa misaada, nayo yakarudiwa hata yakawa kama kweli. Lakini mwaka 2010, matokeo ya hesabu ya watu iliyofanywa mwezi wa Agosti 2009 yalipotangazwa, ilionekana kuwa walioandikwa katika Kibera ni watu 170,070 tu.

Habari hiyo iliwashangaza wengi, na wengine walikasirika. Walisema kwamba Serikali imewaficha watu wa Kibera. Basi yafaa kueleza hesabu ya watu hufanywaje, ili kila mtu aweze kupima mwenyewe, badala ya kufuata sauti iliyo kubwa kuliko nyingine.

Kuhesabu watu ni kazi ya kale. Warumi walihesabu watu wao ili wajue nani atalipa kodi na nani atakuwa askari, na neno sensa lina asili katika lugha yao. Marekani ilianza mwaka 1790, kwa kuwa katiba yake iliagiza viti vya baraza la kutunga sheria vigawanywe kwa idadi ya watu. Uingereza ilianza mwaka 1801. Katika Kenya, serikali ya kikoloni iliwahesabu Wazungu na Wahindi tangu mwaka 1911, lakini Waafrika hawakuhesabiwa. Walikisiwa tu kutoka katika vitabu vya kodi ya nyumba. Ni dhahiri kwamba mtu aliyejificha asitozwe kodi hakuonekana katika makisio hayo. Hesabu ya kwanza iliyowaandika Waafrika wa nchi nzima ilifanywa mwaka 1948, na jumla ya watu wote ilikuwa 5,405,966. Iliyofuata ilifanywa mwaka 1962, kisha mwaka 1969, na tangu hapo imefanywa kila baada ya miaka kumi. Mwaka 2019 jumla ilikuwa 47,564,296. Kwa hiyo mtoto aliyeandikwa mwaka 1948, kama alikuwa hai mwaka 2019, aliiona nchi yake ikiongezeka watu karibu mara tisa.

Sasa, kazi yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba hesabu huanza siku ile karani abishapo hodi. Sivyo. Huanza miaka miwili au zaidi kabla ya hapo, kwa kuchora ramani. Nchi nzima hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikiwa na jamaa wapatao mia moja hivi, ili karani mmoja aweze kukimaliza kwa siku chache. Mipaka ya kipande huwekwa kwa vitu vinavyoonekana, kama njia, mto, reli au kanisa. Katika mashamba ya Nyeri au Kisii hili si gumu sana. Katika Kibera ni taabu kubwa, maana nyumba zimebanana, vichochoro havina majina, na mlango wa mtu mmoja huweza kuwa ndani ya ua wa mwingine. Ndiyo maana wachora ramani huenda pamoja na mzee wa kijiji, ambaye ajua kwamba nyuma ya duka la makaa kuna vyumba sita visivyoonekana kutoka njiani. Ramani ikikosea hapo, karani naye atakosea, hata akiwa mtu mwaminifu namna gani. Nyumba isiyo katika ramani ya mtu ye yote haitabishiwa hodi na mtu ye yote.

Jambo la pili ni kujua ni nani wahesabiwao pamoja. Karani hahesabu nyumba, bali huhesabu jamaa, yaani watu wakaao pamoja, wakila chungu kimoja, na kumtambua mtu mmoja kuwa mkubwa wao. Msitari mmoja wa vyumba kumi vya kupanga, chini ya bati moja, huwa na jamaa kumi. Na vijana wanne walioacha nyumba zao Busia na Machakos, wakakodi chumba kimoja na kuchanga fedha za unga, wao ni jamaa moja ingawa hawana ukoo. Lakini kama kila mmoja wao hujipikia na kujilia peke yake, ni jamaa nne katika chumba kimoja. Karani asiyeuliza habari za chungu huharibu hesabu.

Jambo la tatu ni usiku wa hesabu. Kwa kuwa watu hawatulii mahali pamoja, hapana budi kuchagua saa moja kwa nchi nzima. Katika Kenya, tangu mwaka 1979, usiku uliochaguliwa ni ule wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Swali huwa ni hili: nani alilala hapa usiku ule? Haliulizwi swali la nani ni mwenyeji wa hapa, wala nani ana shamba wapi. Walalao mahotelini, hospitalini na magerezani, na wasiokuwa na makao walalao barazani mwa maduka, huandikwa usiku ule ule. Wengine huandikwa katika siku chache zinazofuata, lakini kwa kuulizwa habari za usiku ule. Mwaka 2019 Waziri wa Mambo ya Ndani aliamuru mabaa yafungwe mapema tarehe 24 na 25 Agosti ili watu wakutwe nyumbani. Amri hiyo haikuwafurahisha wote, lakini maana yake ilikuwa wazi.

Hapo ndipo penye tatizo la Kibera na la Kawangware pia. Mfanyakazi wa mjini ana nyumba mbili moyoni mwake. Akiulizwa kwao ni wapi, atataja Siaya au Kakamega au Kitui, na wako waliosafiri makusudi kwenda kuhesabiwa huko, wakitaka wilaya za wazee wao zipate idadi kubwa. Hilo si kosa la kisheria, maana mtu huhesabiwa alikolala. Lakini maji anayokunywa siku mia tatu na zaidi kila mwaka ni maji ya Nairobi, na choo atumiacho ni cha Nairobi, na mtoto wake hukaa katika dawati la Nairobi. Amejihesabu mahali asipokaa, na mahali anapokaa pamepungukiwa mtu mmoja.

Je, ile hesabu ya 170,070 ilikuwa ya kweli? Kwanza ipimwe ile milioni moja. Kibera yote ina eneo la kilomita za mraba mbili na nusu hivi, yaani mita za mraba 2,500,000. Zikigawanywa kwa watu milioni moja, kila mtu hupata mita mbili na nusu za mraba. Chumba cha kawaida cha Kibera ni cha futi 12 kwa futi 12, yaani mita za mraba 13 na kidogo, na wakilala humo watu watano, kila mmoja hupata mita mbili na nusu na kidogo. Basi, ili watu milioni moja waenee, ingelazimu Kibera yote iwe vyumba vitupu vya watu watano watano, bila kichochoro, bila shule, bila soko, bila msikiti, bila kanisa, na bila ile reli iendayo Uganda ipitayo katikati. Mtu ye yote aliyepita huko ajua kwamba sivyo. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Yahitaji kalamu na karatasi.

Lakini kukataa milioni moja si kukubali kwamba karani hakuacha mtu. Kila hesabu huacha wengine, na waachwao huwa ni watu wa namna moja: vijana wa kiume wasiotulia, walinzi waliokuwa kazini usiku, wapangaji walioogopa, na watoto wachanga, ambao wakubwa huwasahau kwa kudhani kwamba mtoto wa wiki mbili hajawa mtu wa kuandikwa. Watafiti wengine waliopima Kibera kwa picha zilizopigwa kutoka angani na kwa kuhesabu nyumba walipata idadi kati ya laki mbili na laki mbili na elfu sabini hivi. Na mwisho wa mwaka 2009 vijana wa vijiji vya Kibera wenyewe walianza kuchora ramani ya mahali pao, wakiandika visima, vyoo, zahanati na shule, kwa sababu katika ramani nyingi za mji Kibera ilionekana kama uwanja mtupu. Kazi hiyo yastahili kusifiwa.

Tena msomaji aangalie mipaka. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 185,777 katika wilaya ndogo ya Kibra, na 434,208 katika ile ya Dagoretti, iliyo na Kawangware ndani yake. Si haki kuiweka ile 185,777 kando ya 170,070 na kusema kwamba Kibera iliongezeka watu 15,707, kwa kuwa wilaya ndogo ya mwaka 2019 haikukatwa kwa mipaka ile ile ya mwaka 2009. Jambo kama hilo lilionekana hata zamani: kati ya hesabu ya 1962 na ya 1969 Nairobi iliongezeka ghafula, na sehemu ya ongezeko hilo ilikuwa ni mipaka ya mji iliyosogezwa mbele, ikawameza watu waliokuwa wamekaa pale pale siku zote.

Wengine watauliza, "Haya yote yanaleta nini katika Kambi Muru?" Kwanza yanaleta fedha. Katiba ya mwaka 2010 ilianzisha serikali za kaunti, na fedha za Taifa hugawanywa kwao kwa kanuni maalumu. Katika kanuni ya kwanza, katika kila shilingi 100 za mgawanyo, shilingi 45 zilifuata idadi ya watu. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, lakini idadi ya watu haijaondolewa. Pili, yanaleta wawakilishi. Katiba hiyo yaagiza mipaka ya majimbo ya uchaguzi itazamwe tena kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili, kwa kufuata idadi ya watu. Kwa utaratibu huo Kibra ilitengwa na Lang'ata, ikamchagua mbunge wake yenyewe kwa mara ya kwanza mwaka 2013.

Tatu, hesabu ya uongo hudhuru ikiwa kubwa kama idhuruvyo ikiwa ndogo, na hili halifahamiwi sana. Tuseme mabwana wa maji wameamua kuweka bomba moja kwa kila watu 500. Wakiambiwa watu ni milioni moja, watahitaji mabomba 2,000. Watashtuka kwa gharama, wataiweka karatasi katika faili, na kazi haitaanza. Wakiambiwa watu ni 170,070, watahitaji mabomba 340, na kazi ya namna hiyo yaweza kuanza. Hali kadhalika chanjo: muuguzi asiyejua idadi ya watoto katika kijiji hawezi kujua kama amechanja tisa katika kumi au watatu katika kumi, na ugonjwa wa surua utakuja kumwambia.

Nne, liko jambo lisilo la mabomba. Wanubi, ambao babu zao waliletwa kutoka Sudani kuwa askari wa King's African Rifles, ndio waliokaa Kibera kwanza, na ardhi hiyo ilitangazwa kuwa ya jeshi mwaka 1918. Kwa muda mrefu waliwekwa katika fungu la "wengineo", kana kwamba hawana jina. Mwaka 2009 walipewa mahali pao wenyewe katika karatasi za hesabu, wakaonekana kuwa 15,463 katika nchi nzima. Mwaka 2017 walipewa hati ya ardhi ya ekari 288 katika Kibera. Hesabu peke yake haikuleta hati hiyo, maana waliidai kwa miaka mingi, lakini ni vigumu kumjibu "hatukujui" mtu ambaye idadi yake imechapwa kitabuni.

Ziko hofu pia, nazo zisichekwe. Makabila mengi ya Afrika Mashariki yana mwiko wa kuhesabu watoto au ng'ombe kwa idadi. Mzee huona kwamba kutaja hesabu ni kuita msiba. Karani mwenye adabu humwomba mzee awataje watoto kwa majina, mmoja mmoja, naye huhesabu mwenyewe kimya kimya. Hofu nyingine ni ya mjini: kwamba majina yatapelekwa kwa polisi, kwa mtoza kodi, au kwa mwenye nyumba atakayeona kwamba chumba kimekaliwa na watu wanane badala ya watatu. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inakataza hayo. Karani hula kiapo cha kutunza siri, na akivunja kiapo hushtakiwa. Kinachochapwa ni jumla za watu, si majina yao. Na asiyependa kutaja kabila lake aweza kujibu kwamba yeye ni Mkenya, basi.

Kwa desturi ya miaka kumi kumi, hesabu ijayo ya Kenya itakuwa mwaka 2029. Karani atakapofika mlangoni, mama wa nyumba amkumbuke mumewe aliyekuwa akilinda godauni usiku ule, mpangaji aliyelala sakafuni kwa siku mbili tu, na yule mtoto aliyezaliwa juzi ambaye bado hajapewa jina. Mtoto asiye na jina huandikwa pia. Karani ataandika "mtoto mchanga", na kuuliza kama ni wa kiume au wa kike.