Supu ya Kuku na Mboga: Nzito, Laini, Isiyojaa Mafuta



Katika nyumba zetu nyingi, mtu akiugua, mama akijifungua au babu akikosa hamu ya kula, shauri la kwanza ni moja: achinjwe kuku, apikiwe supu. Ni shauri zuri. Supu humezwa kwa urahisi, huupa mwili maji, na harufu yake huamsha hamu ya kula hata kwa mtu aliyekataa chakula tangu jana.

Tatizo ni kwamba mara nyingi tunaipima supu kwa macho. Tukiona mafuta yanaelea juu na kung'aa, tunasema, "Hii ina nguvu." Isipong'aa, mpishi anaonekana mchoyo. Basi mgonjwa hupelekewa bakuli la mchuzi wenye mafuta na chumvi, na minofu huliwa na wenye afya zao mezani. Kama mgonjwa huyo ni bibi mwenye shinikizo la damu, tumempa kile alichokatazwa kliniki na kumnyima kile alichokihitaji.

Somo la mwezi huu linataka tubadili kipimo hicho. Nguvu ya supu haiko katika kinachoelea juu. Iko katika nyama, viazi, boga na mboga zilizomo ndani ya sufuria. Tutajifunza kupika supu nzito na laini kama zile za hotelini, lakini bila krimu wala siagi.

NGUVU YA SUPU IKO WAPI?

Kuku anapochemshwa, baadhi ya vitu hutoka katika nyama na mifupa na kuingia katika maji: ladha, chumvichumvi, mafuta, na ule utelezi unaofanya mchuzi ugande ukipoa. Lakini sehemu kubwa ya protini, yaani chakula cha kujenga mwili, hubaki katika nyama yenyewe. Kwa hiyo anayekunywa mchuzi mtupu amepata joto, maji na ladha. Chakula chenyewe amekikosa. Mgonjwa asiyeweza kutafuna asinyimwe nyama kwa sababu hiyo. Nyama ichambuliwe, ipondwe au isagwe, irudishwe ndani ya supu yake.

Na mafuta je? Mafuta ni chakula, tena chenye nishati nyingi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi. Kwa mtu anayelima tangu alfajiri hilo si jambo kubwa. Kwa mtu mzito anayeshinda amekaa, au mwenye kisukari aliyeambiwa apunguze uzito, vijiko vitatu vinavyoelea juu ya bakuli lake ni mzigo ambao mwili unauweka akiba.

Katika kuku, mafuta mengi yamo katika ngozi, chini ya ngozi na karibu na mkia. Hiyo ni habari njema kwa mpishi, maana mafuta hayo yanaweza kuondolewa kwa kisu na kwa upawa.

UZITO BILA KRIMU

Supu nyingi nzito za mahotelini hupata uzito wake kutokana na unga uliokaangwa katika siagi, kisha huongezwa krimu. Kikombe kimoja cha krimu nzito kina gramu 80 hivi za mafuta. Kikombe hichohicho cha maziwa ya ng'ombe ya kawaida kina gramu 8 hadi 10 tu.

Uzito wa supu unaweza kutoka mahali pengine, yaani katika wanga wa viazi na ulaini wa boga. Kiazi kikichemka, chembe za wanga wake hunyonya maji na kuvimba. Ukikiponda ndani ya mchuzi, wanga huo husambaa na kuufanya uwe mzito, kama unga unavyoufanya uji uwe mzito. Boga lililoiva vizuri huongeza utamu na rangi. Maziwa kidogo mwishoni huleta weupe na ladha ya krimu. Ulimi haujui tofauti, lakini mwili unaijua.

MAHITAJI (watu 6)

- Kuku 1 aliyesafishwa, mwenye kilo moja na nusu hivi
- Maji lita 2 na nusu
- Viazi mviringo 3 vya wastani
- Boga la rangi ya machungwa, nusu kilo
- Karoti 3
- Vitunguu maji 2
- Kitunguu saumu punje 4, na tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba
- Mchicha au majani ya maboga, fungu 1, yakatwe membamba
- Maziwa yaliyochemshwa, kikombe 1 na nusu
- Chumvi kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa
- Pilipili manga kidogo, na ndimu 1

Hakuna mafuta ya kupikia katika orodha hii. Hatukuyasahau. Kuku mwenyewe atatupa ya kutosha.

JINSI YA KUPIKA

1. Kata mboga kwanza, uziweke pembeni. Kisha ndipo umshike kuku. Nyama mbichi ya kuku huweza kuwa na vijidudu vinavyoharisha, na ubao uliokatiwa kuku usikatie mboga kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Ukimwosha kuku, mwoshe taratibu ndani ya beseni bila kurusha maji huku na huku. Kisha osha beseni, kisu na mikono kwa sabuni.

2. Ondoa ngozi na mafuta ya manjano yaliyo karibu na mkia. Kwa kuku wa kisasa fanya hivyo bila huruma. Kwa kuku wa kienyeji, ambaye kwa kawaida ana mafuta machache, unaweza kuacha ngozi kidogo kwa ajili ya ladha.

3. Mweke kuku katika maji baridi pamoja na kitunguu kimoja na tangawizi iliyopondwa. Yakianza kuchemka, engua povu, punguza moto, funika. Acha yachemke polepole. Kuku wa kisasa huiva kwa dakika 40 hivi. Wa kienyeji aliyekomaa huhitaji saa moja na nusu au zaidi. Ameiva pale nyama inapoachia mfupa na maji yanayotoka ndani yake hayana wekundu.

4. Mtoe kuku. Ipua sufuria, uiache itulie kwa dakika 10, ukiweza ndani ya beseni la maji baridi. Mafuta yatapanda juu. Inamisha sufuria kidogo, uyaengue kwa upawa mpana, uyaweke katika bakuli. Mwenye jokofu anaweza kupoza mchuzi kabisa. Mafuta yataganda juu kama utando, nawe utayatoa kwa kijiko.

5. Chukua kijiko kimoja cha chakula cha mafuta hayohayo uliyoyaengua. Kaangia kitunguu cha pili na kitunguu saumu hadi vilainike. Kijiko hicho kina kazi. Rangi ya machungwa ya karoti na boga hugeuzwa na mwili kuwa vitamini A, na mwili huipokea vizuri zaidi panapokuwa na mafuta kidogo. Tunapunguza mafuta, hatuyafukuzi yote.

6. Tia viazi, boga na karoti, geuza kwa dakika 2, kisha mimina mchuzi. Chemsha hadi kila kitu kilainike, dakika 20 hadi 25.

7. Ponda mboga ndani ya sufuria kwa mwiko, au zitoe uzitwange kwenye kinu safi na kuzirudisha. Anayependa supu laini kabisa aipitishe kwenye chujio. Anayetumia mashine ya kusagia aiache supu ipoe kwanza, maana mvuke wa supu ya moto unaweza kurusha kifuniko na kumwunguza.

8. Chambua nyama, ondoa mifupa yote, hasa ile midogo ya shingo na mbavu. Rudisha minofu kwenye supu pamoja na mchicha. Chemsha dakika 5.

9. Punguza moto uwe mdogo kabisa. Chota supu kidogo uichanganye na maziwa katika bakuli, kisha mimina mchanganyiko huo sufuriani huku ukikoroga. Usiache ichemke sana tena, maana maziwa yanaweza kukatika. Kwa sababu hiyo hatukutia nyanya wala ndimu sufuriani.

10. Tia chumvi na pilipili manga mwishoni. Ndimu kila mtu ajikamulie matone machache katika bakuli lake anapokula.

CHUMVI NA VIDONGE VYA SUPU

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyo katika mkate na vyakula vya dukani. Sufuria yetu ina kijiko kimoja kwa watu sita. Ukiongeza vidonge vya supu, hesabu hiyo inaharibika, maana sehemu kubwa ya kidonge ni chumvi. Kuku aliyechemshwa polepole na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu hahitaji kidonge. Ulimi uliozoea chumvi nyingi utalalamika mwanzoni, lakini kadiri siku zinavyopita utazoea. Nao usiwekwe mkebe wa chumvi mezani.

NANI APEWE NAMNA GANI?

Hapa panahitaji busara, kwa sababu sufuria ni moja na walaji si sawa.

Watoto wa chini ya miaka miwili. Hawa wasipunguziwe mafuta. Tumbo lao ni dogo na mwili wao unakua haraka. Mtoto aliyefikisha miezi 6 apewe supu nzito iliyopondwa na nyama ndani yake, na aongezewe kijiko cha chai cha mafuta uliyoyaengua. Sehemu yake ichotwe kabla ya kutia chumvi. Kunyonya kuendelee.

Aliyekonda kwa ugonjwa. Mgonjwa wa kifua kikuu au mwingine aliyepungua uzito anahitaji nishati. Mrudishie mafuta kidogo na umwongezee minofu. Supu nyepesi si dawa ya kila mtu.

Mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kupata kiharusi. Mchotee kabla ya kutia chumvi, kisha umkolezee kwa ndimu.

Mwenye kisukari. Viazi na boga vina wanga. Punguza kiazi kimoja, ongeza mchicha, na hesabu supu hiyo kama sehemu ya mlo. Asile na ugali mkubwa juu yake.

Mwenye ugonjwa wa figo. Afuate maelekezo ya kliniki yake kuhusu viazi, mboga na nyama.

Anayesumbuliwa na maziwa tumboni. Acha maziwa, ongeza kiazi kimoja.

Anayeharisha. Supu haichukui nafasi ya maji ya ORS. Apewe ORS kwanza, na supu iwe chakula chake.

KUHIFADHI

Supu ya vuguvugu ni shamba la vijidudu. Isikae jikoni zaidi ya saa mbili baada ya kuipua. Mwenye jokofu aigawe katika vyombo vidogo ipoe upesi, na aitumie ndani ya siku tatu. Asiye na jokofu apike ya kwisha siku hiyohiyo. Inapopashwa moto lazima itokote kabisa, si kufukiza mvuke tu. Kwa hiyo ni vema kutia maziwa katika sehemu inayoliwa sasa tu, na ile ya baadaye ibaki bila maziwa hadi itakapopashwa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Mchuzi hubeba ladha. Chakula kimo katika nyama na mboga.
- Viazi na boga vilivyopondwa huleta uzito. Maziwa kidogo huleta ulaini.
- Engua mafuta, lakini acha kijiko kimoja.
- Chumvi mwishoni, tena kidogo. Mchotee kwanza asiyetakiwa kuila.
- Mtoto mdogo na aliyekonda wasipunguziwe mafuta.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu kuku akipikwa, ni nani hupewa minofu na ni nani hupewa mchuzi? Je, mgawo huo unafuata mahitaji ya mwili au desturi tu?
2. Ni nani kati yetu aliyeshauriwa kupunguza chumvi au mafuta? Tunamsaidiaje bila kumpikia peke yake kama mtu aliyetengwa?
3. Ni mboga zipi za bustani yetu zinazoweza kuchukua nafasi ya karoti au boga wakati hazipatikani?

Akina baba wasiliruke swali la kwanza. Supu hii haina gharama mpya, maana kuku ni yuleyule na sufuria ni ileile. Ila bibi aliye kitandani atapata nyama aliyokuwa akiisikia harufu tu.