Mama Aliomba Mkate, Nikampa Jiwe

Vijana wenzangu, somo letu la leo linatoka jikoni. Kaka, usiondoke, na wewe linakuhusu. Unga haumuulizi anayeukanda kama ni wa kiume au wa kike.

Mwaka jana mama yangu aligundulika ana kisukari. Kliniki wakamwambia apunguze sukari na mkate mweupe. Sasa mama na mkate wa asubuhi ni marafiki wa zamani. Kila akirudi Misa ya alfajiri nilimwona anakaa na kikombe chake cha chai ya rangi, kavu kabisa, kimya. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Nikasema nitamwokea mwenyewe mkate wa nafaka mchanganyiko.

Jumamosi moja nikachanganya ulezi, mtama na atta kwa kukadiria tu. Hamira nikaimwagia maji ya moto sana eti ifanye kazi haraka, nikakanda dakika tatu, nikawa tayari kuoka. Mama akasema, "Mwanangu, uache uumuke kwanza." Nikamjibu kwa ukali, "Mama, niache, nimeona kwenye simu."

Mkate ukatoka jiwe, kisu kikagoma. Mnakumbuka Bwana Yesu alivyouliza kama yupo mzazi ambaye mtoto wake akimwomba mkate atampa jiwe? Kwetu mambo yaligeuka, mtoto ndiye aliyempa mama yake jiwe. Mama akakivunja kipande, akakichovya kwenye chai, akala. Hakusema neno. Usiku ule nililala na aibu mbili, ya mkate na ya ulimi wangu.

Kesho yake, Dominika, nikamwomba msamaha. Akacheka. "Haya, tuanze upya. Ila safari hii usikimbie."

Ilichukua mikate miwili mingine ndipo nikaelewa. Nakupa niliyojifunza, wewe usipoteze unga kama mimi.

Mahitaji ya mkate mmoja: unga mweupe wa ngano gramu 300, atta gramu 120, unga wa ulezi gramu 40, unga wa mtama gramu 40, ufuta na mbegu za alizeti vijiko 3 vya chakula, hamira gramu 7, chumvi kijiko 1 na nusu cha chai, mafuta vijiko 2 vya chakula, maji vuguvugu mililita 340 hivi. Sukari si lazima, hamira hupata chakula chake kwenye unga wenyewe.

1. Usiiue hamira. Hamira ni kiumbe hai, maji ya moto sana huiua. Chovya kidole: maji yawe ya uvuguvugu tu, yasikuunguze.

2. Ngano ndiyo mhimili. Ngano ina gluteni, inayonyumbuka kama mpira na kuushika ule upepo wa hamira. Ulezi na mtama hazina. Hiyo ni sababu nyingine mkate wangu wa kwanza haukuinuka. Kama unaanza, ulezi na mtama kwa pamoja visizidi sehemu moja ya tano ya unga wote.

3. Loweka kwanza. Changanya atta, ulezi na mtama na yale maji, acha dakika 30. Pumba hunywa maji polepole, na zikilainika mkate hauwi mkavu. Kisha tia vilivyobaki. Donge litanata mikononi. Vumilia, usiongeze unga ovyo.

4. Kanda kweli. Dakika 10 hadi 12, mpaka donge liwe laini na livutike bila kukatika upesi.

5. Subiri mara mbili. Funika kwa kitambaa saa 1 hadi saa 1 na nusu, mpaka likaribie kuwa mara mbili. Penye joto huwahi, kwa hiyo angalia donge kuliko saa. Litengeneze, liweke kwenye bati lililopakwa mafuta, subiri tena dakika 30 hadi 45. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi taratibu, liko tayari.

6. Oka. Oveni nyuzi 200, dakika 35 hadi 40. Sisi hatuna oveni. Tunapasha sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, tunaweka bati ndani, tunafunika, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Ukiugonga chini ukasikia sauti ya kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Uache upoe saa 1 ndipo ukate, la sivyo ndani utakuwa kama ugali.

Tahadhari: mkate huu si dawa, bado una wanga. Mama anakula vipande viwili vyembamba na anafuata maelekezo ya kliniki.

Sasa nikuambie jambo kubwa kuliko mkate. Zamani ile saa ya kusubiri niliiona ni ya kupoteza muda. Siku ya mkate wa tatu nilikaa na mama kwenye mkeka, donge limefunikwa pembeni, simu nimeiacha ndani. Ndipo akaniambia kitu ambacho hakuwahi kusema: anaogopa. Bibi yetu aliondoka kwa ugonjwa huohuo. Miezi yote ile nilidhani amenyamaza kwa sababu ya chai kavu, kumbe alibeba hofu peke yake. Tukasali Rozari pamoja. Tulipofunua kitambaa, donge lilikuwa limejaa bakuli.

Yesu aliufananisha Ufalme wa Mungu na chachu ambayo mwanamke aliificha ndani ya unga hadi wote ukaumuka. Tazama, chachu hufanya kazi ikiwa imefichika, na haitaki kuharakishwa. Mimi nilitaka kumsaidia mama upesi ili nijisikie vizuri. Yeye alihitaji mtu wa kukaa naye.

Tujiulize:
Ni nani nyumbani kwetu amenyamaza, nami sijakaa naye kujua kwa nini?
Ni nani nilimjibu vibaya nikiwa na haraka, na bado sijamwomba msamaha?

Jumamosi hii kanda mkate, na ile saa ya kusubiri mpe mtu. Mungu akubariki.