Taimingi ya Moto katika Injini ya Kombi Iliyoundwa Upya

Kombi ya Volkswagen ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, na injini yake ya silinda nne zilizolala kwa ubavu, inayopozwa kwa hewa badala ya maji, iliendelea kufungwa katika kombi za Brazil hadi mwanzoni mwa karne ya 21, kwa hiyo bado zipo nyingi ambazo mafundi huzifungua hadi kipande cha mwisho na kuziunda upya. Tatizo linaloonekana mara kwa mara baada ya kazi hiyo ni la taimingi ya moto: injini hukataa kuwaka, au hurudisha mlipuko kwenye kabureta, au huwaka lakini ikawa nzito na yenye joto lisilo la kawaida. Mafundi wengi hapo hulegeza distributa na kuizungusha huku na huku hadi injini itulie. Njia hiyo inastahili kupingwa kwa nguvu, kwa sababu distributa ni kiungo cha mwisho katika mnyororo unaoanzia kwenye krankishafti, na kuizungusha kunaweza kuficha kosa lililofanyika ndani zaidi, likabaki humo likiharibu injini ambayo imegharimu fedha na kazi nyingi.

Taimingi ya moto ni uhusiano kati ya mahali ilipo pistoni na wakati plagi inapotoa cheche, na hupimwa kwa nyuzi za mzunguko wa krankishafti kabla au baada ya kikomo cha juu, yaani mahali ambapo pistoni imepanda hadi mwisho wa safari yake. Mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui mara moja, na ndiyo maana cheche kwa kawaida hutangulia kikomo hicho. Ikitangulia mno, shinikizo huipiga pistoni ingali ikipanda, injini hugonga na pistoni huweza kutoboka. Ikichelewa, moto huendelea kuungua wakati valvu ya kutolea moshi inafunguka, nguvu hupungua na vichwa vya silinda hupata joto kali. Katika injini hii hatari ya kwanza ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kelele ya feni ya kupoza hufunika sauti ya kugonga, na dereva aliyekaa mbali na injini iliyo nyuma ya gari huenda asisikie lolote hadi madhara yawe yametokea.

Uchunguzi basi unapaswa kuanza na swali ambalo fundi aliyechoka hulipita haraka: je, alama ya kikomo cha juu kwenye puli ya krankishafti ni ya kweli? Puli za kununua madukani si zote zilizochongwa alama kwa usahihi, na baadhi ya puli za kiwandani hazina alama ya kikomo chenyewe bali zina za nyuzi kadhaa kabla yake. Njia ya kuaminika ni kufunga kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza kizuizi cha chuma kinachoisimamisha pistoni kabla haijafika juu, kisha kuzungusha injini taratibu kwa spana, kamwe si kwa stata, hadi pistoni iguse, kuweka alama kwenye puli mkabala na mstari wa muungano wa nusu mbili za kasha la injini, kuzungusha upande wa pili hadi iguse tena na kuweka alama nyingine. Kikomo cha juu kipo katikati kabisa ya alama hizo mbili. Kwa kuwa mzingo mzima wa puli ni nyuzi 360, alama ya nyuzi 30 hupatikana kwa kupima mzingo na kuugawa kwa 12, na huwekwa kulia kwa alama ya kikomo, kwani puli, ikitazamwa kutoka nyuma ya gari, huzunguka kufuata saa.

Krankishafti huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti na distributa, hivyo pistoni ya silinda ya kwanza hufika juu mara mbili, mara moja ikiwa tayari kwa cheche na mara nyingine ikimalizia kusukuma moshi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2, na silinda ya kwanza na ya tatu hupanda pamoja. Mfuniko wa valvu ukiondolewa, roka zote mbili za silinda ya kwanza zinapaswa kuwa huru wakati wa cheche, huku valvu za silinda ya tatu zikiwa katika kubadilishana zamu, ile ya moshi ikimalizia kufunga na ile ya kuingiza ikianza kufunguka kwa kiasi kinachokaribiana. Hapo ndipo kosa baya kuliko yote hujitokeza. Iwapo kwenye kikomo cha juu cha kweli valvu moja imefunguka waziwazi kuliko nyenzake, na tapeti zimesetiwa sawasawa, yaelekea gia ya kamshafti iliwekwa jino moja pembeni, kinyume cha agizo kwamba nukta ya gia ya kamshafti ikae kati ya nukta mbili za gia ya krankishafti. Kosa hilo haliponywi na distributa. Kasha halina budi kufunguliwa tena, na fundi anayekiri hivyo mapema humwokolea mwenye gari hasara kubwa.

Kiungo kinachofuata ni shafti fupi inayoiendesha distributa. Juu yake upo mfuo ambao haukuchongwa katikati, hivyo distributa huingia kwa namna moja tu, lakini shafti yenyewe huweza kuwekwa kinyume. Katika injini za 1300 hadi 1600 za kawaida, silinda ya kwanza ikiwa tayari kwa cheche, mfuo huo hukaa kwa pembe mraba na mstari wa muungano wa kasha, na upande wake mwembamba huelekea kwenye puli. Injini kubwa zilizoanza kufungwa kwenye kombi za modeli ya 1972 zina mkao wao tofauti. Shafti ikitolewa, washa zilizo chini yake zishikwe kwa uangalifu, kwa maana ikianguka moja ndani ya kasha, kazi ya nusu saa hugeuka kuwa ya siku nzima.

Ni baada ya hayo tu ndipo distributa yenyewe huguswa, na pointi hutangulia taimingi. Pointi ni ncha mbili za chuma zinazofungua na kufunga umeme wa koili, na nafasi yake iliyofunguka kabisa ni milimita 0.4. Nafasi ikiongezwa cheche huwahi, ikipunguzwa huchelewa, kwa hiyo anayeseti taimingi kwanza na pointi baadaye ameivuruga taimingi yake mwenyewe. Kisha taa ndogo ya majaribio huunganishwa kati ya nguzo nambari 1 ya koili na bodi ya gari, swichi ikafunguliwa, puli ikawekwa kwenye nyuzi zinazotakiwa, na distributa ikazungushwa dhidi ya saa polepole hadi taa iwake, ishara kwamba pointi zimeanza kufunguka. Kwa distributa ya Bosch aina ya 009, nyuzi hizo ni 7.5 kabla ya kikomo. Baadhi ya injini za 1600 za mwanzoni mwa miaka ya 1970, zenye mirija miwili ya mvuto wa hewa, husetiwa nyuzi 5 baada ya kikomo injini ikiunguruma bila mzigo. Kuchanganya vipimo hivi ni chanzo cha malalamiko mengi.

Seti hii ya awali ina uzito wa pekee, kwa sababu kamshafti na tapeti mpya zinahitaji injini iwake upesi na kuendeshwa kwa takriban mizunguko 2,000 kwa dakika kwa muda wa dakika 20 hivi, na stata ikizungushwa muda mrefu bila injini kuwaka hufuta mafuta ya kulinda nyuso hizo.

Injini ikiisha kupata joto, taa ya kumulika alama hutumika kupima taimingi katika kasi ya juu. Kwa aina ya 009, alama inapaswa kusimama kati ya nyuzi 28 na 32 injini ikizidi mizunguko 3,000, na kipimo hiki kina maana kuliko kile cha mzunguko wa chini, kwa kuwa ni katika kasi ya juu ndipo kugonga huvunja pistoni. Alama isiyosogea kabisa huonyesha vyuma vya ndani ya distributa vilivyoshikwa na kutu, ilhali inayorukaruka huashiria shafti iliyolegea, ambayo haitengenezeki kwa kuseti. Ikiwa vipimo vyote ni sahihi na bado injini inacheua kwenye kabureta, waya za plagi zilizobadilishana nafasi na hewa inayovuja kwenye maungio ya mabomba ya kuingizia ndivyo vya kuchunguzwa, kabla distributa haijalegezwa tena.